Mechi za giza

Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 2015 nilimtukana kipa wangu mbele ya wenzake, na maneno niliyotumia nayakumbuka yote. Nilimwambia ana mikono ya mlenda. Nilimwambia asiye na moyo abaki kwao amsaidie mama yake kukaanga mihogo. Tulikuwa tumefungwa matano bila. Vijana wamekaa chini kwenye majani yaliyolowa mvua ya vuli, mimi nimesimama nafoka, filimbi inaning'inia shingoni. Yeye akajibu, "Sawa, mwalimu." Basi. Angenijibu vibaya ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Timu ilikuwa ya vijana wa mtaani kwetu Makorora, Tanga mjini, inacheza ligi ya wilaya. Jina lake naliacha, maana waliokuwa vijana wakati ule leo ni baba za watu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ukocha nilipewa hasa kwa sababu nilikuwa na filimbi. Kozi niliyosoma ilikuwa ya wiki mbili. Lakini mpira ulikuwa umenikaa tangu utotoni. Mwaka 1988, Coastal Union walipobeba ubingwa wa nchi, nilikuwa miongoni mwa wale watoto wa getini Uwanja wa Mkwakwani wanaoshika mkono wa mtu mzima wasiyemjua ili waingie naye kama mwanawe.

Msimu ule tulianza vizuri. Mwisho wa Septemba, siku mbili baada ya Idi ya kuchinja, tulishinda mbili kwa moja. Wiki iliyofuata sare. Halafu Oktoba ikatugeuka: nne bila, tatu bila. Ulipopita uchaguzi mkuu tukatoka sare ya bila kufungana na timu iliyokuwa inaongoza, tukasema haya, tumerudi. Novemba ikaanza kwa tatu kwa moja, kisha hayo matano.

Nilikuwa na daftari kubwa la kaunta, naandika kila bao na dakika yake kwa kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia. Karibu mabao yote yalikuwa ya dakika 20 za mwisho. Nikasema tatizo ni pumzi, na dawa ya pumzi ni mbio. Kila Jumatatu nikawa nawakimbiza kutoka Makorora mpaka Raskazone na kurudi, mimi nyuma kwa baiskeli. Jumatatu iliyofuata yale matano, namba sita wetu alishikilia mnazi pale ufukweni akatapika maji matupu. Nikamwambia huo ni uvivu unamtoka.

Nirudi Jumamosi yenyewe, kwa sababu ilikuwa na vituko vyake. Jioni hiyohiyo Taifa Stars walikuwa wanacheza na Algeria jijini Dar es Salaam, kufuzu Kombe la Dunia la 2018. Kwa hiyo watazamaji wetu, ambao hata siku ya kawaida hawazidi arobaini, walikuwa wameupa uwanja mgongo na kumzunguka muuza kahawa mwenye redio. Sisi tumeshafungwa mawili, shangwe ikalipuka. Kipa wangu akageuka kutazama kumetokea nini. Stars wamepata bao. Ikalipuka mara ya pili, hilo la Mbwana Samatta, aliyekuwa na siku sita tu tangu atwae ubingwa wa Afrika na TP Mazembe. Sisi tukafungwa la tatu na aliyeliona ni mwamuzi. Baadaye redio ikaanza kuleta habari mbaya, Islam Slimani akarudisha yote mawili, ikaisha mbili kwa mbili, na watu wakaondoka wamenuna kwa mambo ya Dar. Yetu hayakumgusa mtu. Hilo liliniuma kuliko mabao: kufungwa matano na asiwepo hata wa kukuzomea.

Nadhani ndiyo maana nikamwangukia kipa.

Mechi ya marudiano ya Stars ilichezwa Jumanne usiku, huko Blida, Algeria. Nikawachukua wachezaji sita kwenda kibanda umiza cha jirani, nikawalipia wote. Kusema kweli ilikuwa namna ya kuomba radhi bila kuomba. Kipa naye alikuja, jambo lililonishangaza, kwa sababu jioni za siku za kazi alikuwa haonekani.

Watu hawajakaa vizuri, bao. Mnaikumbuka mechi ile, haina haja ya kuisimulia: Stars walifungwa saba bila. Ninachokikumbuka mimi ni kijana mmoja mbele yangu aliyesimama kwenye benchi, mkono juu, akapiga kelele, "Hawa hawana moyo! Wabaki kwao!" Kibanda kizima kikamuunga mkono. Nikashtuka. Ilikuwa kama mtu amenirekodi Jumamosi na sasa ananiwekea nisikilize. Nikageuka kuona kama vijana wangu nao wamesikia.

Kipa alikuwa amelala. Ameegemea ukuta wa mabati, mdomo wazi, watu wanapiga kelele hadi bati linatetemeka, yeye yupo mbali kabisa. Mikono ameiacha juu ya mapaja, viganja vimeangalia juu, na mwanga wa televisheni ulikuwa unavipiga. Nikaviona. Katikati ya kila kiganja palikuwa na mistari miwili mitatu, ngozi imechanika ikaganda ikachanika tena, na pembeni weupe wa chumvi. Kwenye maungio ya vidole nyama ilikuwa nyekundu. Na mikono hiyo, ambayo haikuwa na glavu kwa kuwa timu haikuwa na glavu, ndiyo niliyokuwa nataka idake mpira uliolowa.

Tulipotoka nikamvuta pembeni.

"Mara ya mwisho umelala lini?"

"Jana mchana kidogo, mwalimu."

"Na usiku?"

"Usiku tuko kazini. Leo tu injini imeharibika. Sasa hivi ni giza."

Nikatazama taa za barabarani. Zilikuwa zinawaka. "Giza gani?"

Akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka kwa wiki nyingi. "Giza la mwezi, mwalimu. Dagaa wanafuata taa. Kukiwa na mbalamwezi hawasogei, tunapumzika. Kukiwa na giza tunatoka kila siku."

Nimezaliwa Tanga, lakini kwetu ni watu wa mkonge, upande wa Pongwe. Bahari tunaijua kwa kwenda kuogelea sikukuu. Nilijua kijana huyu ni mvuvi, kama nilivyojua mwingine ni dereva wa bodaboda na mwingine fundi cherehani. Sikuwahi kuuliza kazi hiyo inafanywa saa ngapi.

Mama watoto ni mtu wa Mwambani, baba yake alikuwa na ngalawa. Nilipofika nyumbani nikamkuta hajalala, nikamweleza. Hakusema kitu. Akaenda jikoni akarudi na kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za mwezi mwandamo pembeni ya tarehe za kawaida, akaiweka mezani juu ya daftari langu.

"Nisomee mlizofungwa."

"Tarehe kumi Oktoba."

"Ishirini na sita Mfungo Tatu. Giza."

"Kumi na saba Oktoba."

"Mwezi tatu Mfungo Nne. Giza. Endelea."

"Saba Novemba."

"Ishirini na nne. Giza hilo linaanza."

"Hii ya juzi."

"Mwezi pili Mfungo Tano." Akafunua nyuma. "Na tarehe thelathini na moja Oktoba mlifanya nini? Hapo mwezi ulikuwa kumi na saba, mkubwa, chombo hakitoki."

"Sare. Na waliokuwa wanaongoza."

Akanitazama kwa muda. "Na wewe ni mwalimu wa hesabu, baba watoto."

Asubuhi nikahesabu: katika kumi na mmoja wanaoanza, watano walikuwa wa boti za dagaa. Kipa, mabeki wote wawili wa kati, namba sita, na winga wa kushoto. Yaani uti wa mgongo wa timu ulikuwa unatoka baharini alfajiri ya Jumamosi, unauza, unaosha nyavu, unalala saa mbili tatu, unakuja uwanjani saa kumi. Unanipa dakika 70 nzuri kisha unazima. Nami Jumatatu nauamrisha ukimbie Raskazone. Sisemi kila bao lilikuwa la mwezi. Beki wetu wa kulia ndiye huyo fundi cherehani, na yeye alipitwa mwezi ukiwapo na usipokuwapo.

Jumatano kwenye mazoezi nikamwomba kipa radhi mbele ya wote, kwa kuwa tusi nalo lilikuwa la mbele ya wote. Nilijiandaa maneno mengi, yakatoka matatu. Akasema tena "Sawa, mwalimu," lakini safari hii aliangalia chini akitabasamu, na wenzake wakaanza kumtania kuwa anakoroma kuliko jenereta.

Alhamisi alfajiri nikaenda Sahare kuona kwa macho yangu. Boti zilikuwa zinaingia, watu wamo majini mpaka kifuani wanavuta, wanawake wanangoja na mabeseni, moshi wa kuchemshia dagaa umeshaanza kupanda. Kipa alikuwa kwenye kamba, wa tatu kutoka mbele. Kila wimbi likirudi, kamba ilimponyoka kidogo kabla hajaikamata upya, na kila ikiponyoka aliuma meno. Aliponiona akashtuka kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kununua dagaa."

Nikanunua sado moja ili nisiwe mwongo. Nyumbani mama watoto aliiangalia akasema nimepigwa bei.

Kabla ya kuondoka nilimfuata mwenye boti, mzee mstaarabu kabisa, nikamwomba awe anawaachia vijana wangu usiku wa kuamkia Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwalimu, huo mpira wako unampa mgao gani?" Sikuwa na jibu. Akanikaribisha chai.

Kwa hiyo nilibadili vitu vilivyokuwa mikononi mwangu. Mbio za Jumatatu nikazifuta wiki za giza. Wavuvi wakawa wanatoka baharini Jumamosi wanakuja moja kwa moja sebuleni kwangu, mikeka imetandikwa, mapazia yamefungwa, wanangu wamefukuzwa wakacheze kwa jirani, na uji unawasubiri saa saba na nusu. Nyumba ilinuka dagaa mpaka Januari. Pia nikamwinua kipa wa pili, mtoto wa kidato cha tatu mwenye woga wa krosi, nikaanza kumfundisha mwenyewe. Na kwenye mitumba nikapata glavu za kipa, kubwa kwa namba moja, za kijani, moja imetoboka kidole gumba.

Mechi iliyofuata ilikuwa tarehe 28 Novemba, mwezi kumi na sita. Kipa alizifunga glavu kwenye vifundo vya mikono kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili zisimvuke. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha. Kuanzia dakika ya 70 nilikuwa naangalia saa kuliko mpira. Ikaja kona, ndefu, ya nguzo ya mbali, watu watano wanaruka. Akatoka. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amelala chini kwenye tope, mpira kaukumbatia tumboni kwa mikono yote miwili kama mtu aliyefumaniwa na mali ya wizi, anamwambia beki wa kati, "Nenda, nenda, nenda!" Ikaisha bao moja kwa moja. Nilishangilia sare ile kuliko nilivyowahi kushangilia ushindi.

Tarehe 12 Desemba giza lilikuwa totoro. Walilala kwangu, wakala uji, wakafungwa mbili bila. Dakika ya 74 na ya 81. Niliziandika kwa kalamu nyekundu kama kawaida. Tulimaliza ligi wa pili kutoka mkiani, na kamati ya mtaa, ambayo haikuwa imewahi kununua hata mpira mmoja, ikaitisha kikao kujadili mwenendo wa kocha.

Mwisho wa Januari nikasikia kipa anaondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi, Pemba na boti nyingine. Nikamfuata Sahare alfajiri kumuaga na kumpa nauli kidogo. Alikuwa kwenye kamba palepale, wa tatu kutoka mbele, na mikononi amevaa glavu zangu za kijani. Kidole gumba amekishona kwa uzi wa nyavu. Wimbi likarudi, kamba haikuponyoka.

"Mwalimu," akanipigia kelele huku anavuta, "zinashika!"

Nikamwambia zikilowa asizianike juani, zitapasuka.