Kumbukumbu ya mradi wangu: nyimbo tatu, Mtwara, bila fedha ya matangazo

Mwezi wa nne. Nyimbo tatu nilizozirekodi hapa Mtwara mjini zimekamilika, na akiba yote imeishia kwa prodyuza na kwenye usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania). Kuanzia sasa kazi ya kuzifikisha kwa wasikilizaji itafanywa kwa simu, kwa miguu na kwa hisani ya watu. Ninaiandika kumbukumbu hii kwa sababu wasanii wa mikoa ya Kusini tumezoea kuambiwa kwamba bila kuhamia Dar es Salaam wimbo haufiki popote, nami sikubaliani na kauli hiyo.

Kwa upande wa mtandao nimechagua RouteNote, kampuni ya kusambaza nyimbo kwenye programu za muziki, kwa kuwa inapokea nyimbo bila malipo ya awali na badala yake huchukua asilimia 15 ya mapato. Kila wimbo umepewa namba ya ISRC yenye tarakimu na herufi 12, ambayo ndiyo kitambulisho cha rekodi popote itakapopigwa. Sitegemei fedha ya karibu kutoka huko: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, na YouTube, kwa video za kawaida, hudai wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kugawana na msanii mapato kamili ya matangazo. Nimeziweka huko ili anayezitafuta azikute.

Mwezi wa tano. Wasikilizaji wangu wengi hawafungui programu yoyote ya muziki. Wanasikiliza nyimbo zilizomo kwenye memori kadi ya simu, kwenye flashi ya bajaji, au zilizotumwa na rafiki kwa WhatsApp. Kwa hiyo faili lenyewe ndilo linalosafiri, na faili lisilo na jina huzaa wimbo usio na mwenyewe. Nililiona hilo kwa macho katika kibanda cha kuingiza nyimbo kilicho karibu na soko, ambako wimbo wangu ulikuwa umekwisha kufika kabla yangu, ukiwa umepitia simu za watu nisiowajua. Kwenye kompyuta ulisomeka AUD, ikifuatiwa na tarehe na namba, kwa maana WhatsApp hulibadilisha jina faili la sauti linapotumwa kwa njia ya kawaida. Kijana mwenye kibanda aliniambia, "Kaka, huu watu wanaupenda, lakini wakiniuliza ni wa nani sina jibu." Katika folda yake alikuwa ameuandika "Mpya wa Chuno", yaani kata ya Chuno ya hapa mjini, na mimi si mkazi wa huko.

Tangu siku hiyo, kila nakala inayotoka mikononi mwangu huandaliwa kwa utaratibu mmoja. Jina la faili huanza na jina langu, kisha jina la wimbo, kisha neno Mtwara. Ndani ya faili, kwa kutumia programu ya bure ya simu, ninajaza sehemu ya msanii, ya wimbo na ya mwaka, naweka picha ya jalada, na katika sehemu ya maelezo naandika namba yangu ya simu, ili redio ya bajaji yenye kioo ionyeshe jina hata pale ambapo jina la nje limebadilika. Ninapotuma kwa WhatsApp, natuma kama dokumenti, si kama sauti, na jina hufika kama lilivyo. Ninaandaa pia nakala mbili za kila wimbo: ya kbps 320 (kipimo cha ubora wa sauti; kikipanda, faili nalo huwa zito) kwa redio na madijei, ambayo kwa wimbo wa dakika nne hufikia karibu megabaiti 9 na nusu, na ya kbps 128, isiyozidi megabaiti 4, kwa msikilizaji anayehesabu bando lake. Ni kazi ya jioni moja, haigharimu chochote, na ningependa kila msanii chipukizi aifanye kabla ya kufikiria video.

Mwezi wa saba. Msimu wa jando na unyago umeanza, na wenye spika za kukodi wana kazi vijijini. Nimewafuata hao kabla ya redio, kwa kuwa dijei wa spika anapoupiga wimbo mbele ya umati huona papo hapo kama watu wanainuka. Mmoja wa Mikindani alinishauri nifupishe utangulizi, kwani sekunde zile za gitaa peke yake huwapa watu nafasi ya kurudi kwenye viti. Nimemtengenezea toleo linaloanza na ngoma moja kwa moja, na la mtandaoni nimeliacha na gitaa lake, kwa sababu nalipenda.

Redio: kituo kimoja kilitaka fedha ili wimbo upigwe, nikaondoka. Kingine kina kipindi cha vipaji vipya, wakaupokea na kunihoji. Nilikwenda na karatasi moja yenye maelezo ya wimbo, ili mtangazaji asibahatishe.

Mwezi wa kumi. Minada ya korosho imeanza, na wakulima wa MAMCU na TANECU, vyama vikuu vya ushirika vya huku, huanza kulipwa baada ya mauzo. Huu ndio wakati ambapo watu wa Masasi, Newala na Tandahimba wananunua simu na spika, na vibanda vya kuingiza nyimbo hujaa. Wimbo wa tatu, unaomtaja mkulima anayesubiri malipo yake, nilikuwa nimeuzuia makusudi mpaka sasa. Madereva wa magari ya Masasi wamekubali kuchukua flashi, na mzee mmoja wa gari la Newala alisema, "Mwanangu, huu nitaupiga, lakini nipe na ule wa kwanza."

Kinachofuata ni Lindi. Dijei wa Mtama ameomba biti tupu, yaani muziki bila sauti yangu, ili aongeze sauti yake mwenyewe. Nitampa, kwa makubaliano ya maandishi kwamba majina yetu wote wawili yatakaa ndani ya faili.