Mzee wa Mji wa Kale haingii kwenye orodha ya marejeleo
Jamani mnaomalizia tasnifu hapa Mombasa, tafadhali angalieni hili. Mzee wa Mji wa Kale aliyekufafanulia jambo kwa simu haorodheshwi mwishoni kwa mtindo wa APA (kanuni za kutaja vyanzo za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani), maana msomaji hawezi kuyapata mazungumzo yale. Mtaje ndani ya matini tu: (A. Omar, mawasiliano binafsi, 12 Machi 2024). Tarehe iwe kamili. (Mhojiwa wa utafiti wako ni data, hatajwi hivi.)

Toleo la 7 la mwongozo wa APA, la mwaka 2019, liliondoa mji wa mchapishaji. Futeni ile “Nairobi:” mnayoinakili kutoka tasnifu za zamani.

Kuanzia mstari wa pili, kila rejeleo liingie ndani sentimita 1.27. Tumieni mpangilio wa aya. Mkibonyeza nafasi, mkibadilisha fonti tu yote yanavurugika.