Trei mbili za mayai, na kete zangu zilizokuwa zinaliwa na shimo lisiloonekana

Watu watatu walinishauri kuhusu kutengeneza gemu, na wote watatu walinipotezea muda. Wa kwanza, fundi wa kompyuta mjini Kampala, alisema bila mashine ya shilingi milioni sita za Uganda nisijisumbue. Wa pili ni binamu yangu wa Entebbe: eti nisome C++, lugha ngumu ya programu, miaka miwili kwanza, ndipo nifungue mdomo. Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Kijana mmoja wa video za YouTube, anaongea haraka kama dalali wa mbuzi, alinishawishi nianze na gemu ya boda boda yenye Kampala nzima ndani yake: taksi, mashimo ya barabarani, askari wa trafiki, vyote kwa 3D.

Nikamwamini huyo wa tatu. Bando la mwezi likaishia kwenye kupakua injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, kubwa ya GB kadhaa. Laptopu yangu ni ya mtumba, laki sita na kitu, RAM GB 4, na kitufe cha Q kiling'oka kabla haijafika kwangu. Nilipoifungua injini, feni ililia kama mashine ya kusaga mahindi. Wiki tatu baadaye nilikuwa na boda moja isiyo na dereva, ambayo kila ukibonyeza kitufe cha kwenda mbele inazama ardhini taratibu. Mke wangu akachungulia begani akasema, "Hiyo ni Bwaise, mvua ikishanyesha." Bwaise ni mtaa wa Kampala unaojulikana kwa mafuriko.

Nikaifuta.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, nimekulia Bombo, na Kiswahili ndicho tulichogombania nacho mpira. Karibu na nyumba yetu kuna mwembe ambao wastaafu wanacheza omweso, mchezo wa kete kwenye ubao wa mashimo, chini yake tangu sijang'oa jino la kwanza. Siku moja nimekaa pale nikimtazama mzee mmoja akimaliza mwenzake, ikanijia kwamba gemu niliyokuwa naitafuta ni hii iliyoko mbele yangu. Haina ramani, haina magari ya kuchora, hakuna kitu kinachoruka wala kugongana. Ni hesabu tupu.

Msomaji wa Mombasa au Unguja atasema hilo ni bao. Ni ndugu, si pacha. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64 kama kwenu, lakini hatuna kunamua (kuingiza kete za mkononi moja moja) wala nyumba (lile shimo maalumu). Kila mtu ana kete 32 anazozipanga upande wake atakavyo kabla ya kuanza. Unachota shimo lenye kete mbili au zaidi, unadondosha moja moja kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota tena na kuendelea. Lakini ikiangukia shimo la namna hiyo kwenye safu yako ya ndani, na mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mkabala yana kete, unazila na kuzitembeza upande wako. Asiyeweza kucheza ameshindwa. Kuna pia kurudi nyuma kwa mashimo fulani ya kushoto, na hilo lilinitoa jasho lake peke yake.

Nikahamia Godot, injini nyingine ya gemu. Ni ya bure, na lugha yake ya programu inafanana na Python, iliyo rahisi, kwa hiyo yule binamu na C++ yake nikamwacha Entebbe. Mara ya kwanza ilinigomea na ujumbe kuhusu Vulkan, njia mpya ya kuchora picha kwenye skrini, kwa kuwa chipu ya picha ya laptopu yangu ni ya kizamani. Kumbe unapofungua mradi mpya unachagua Compatibility, inayotumia OpenGL, njia ya zamani, na mambo yanakwenda. Kuchora ubao na kuweka vitufe sitaeleza, ni kazi ya jioni moja tu.

Sasa njoo kwenye aibu yangu.

Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri. Hilo lilinikera. Nani anaanza kuhesabu mbuzi wake na sifuri? Nikaamua mashimo ya kila mchezaji yataitwa 1 hadi 16, nikafungua orodha yenye nafasi 17, na ile ya sifuri nikaiacha ikae bure. Halafu, ili kete izunguke kutoka shimo la mwisho irudi la kwanza, nikanakili mstari niliouona kwenye somo: chukua namba ya shimo, ongeza moja, gawanya kwa 16, shika baki. Mwenye hesabu zake ameshacheka.

Gemu ilichezeka! Ndio ubaya wenyewe. Ingekwama ningejua kuna tatizo. Nilimwonyesha mpwa wangu wa miaka kumi, akacheza mara tatu kisha akasema, "Anko, kete zinapungua." Nikamwambia ahesabu vizuri. Akahesabu 61. Mara ya pili 57. Nikadhani tatizo liko kwenye kula kete, nikaandika upya sehemu hiyo yote. Zikabaki 59. Nikadhani ni kuchora, nikaandika upya kuchora. Nikailaumu laptopu. Usiku mmoja niliilaumu RAM kwa sauti, mke wangu akaamka.

Nilichofanya mwishowe hakimo kwenye somo lolote nililoliona. Nilichukua trei mbili za mayai, zile za mayai thelathini, nikakata kila moja nikabakisha nne kwa nne, nikazigandisha ubavu kwa ubavu. Mashimo 32, ubao kamili wa omweso. Kete zikawa maharagwe ya jikoni. Nikaiweka trei pembeni ya laptopu, kila hatua ya kwenye skrini nikairudia kwa mkono, nikilinganisha shimo kwa shimo. Hatua ya nne, shimo la pembeni kabisa kwenye trei lilikuwa na haragwe. Kwenye skrini lilikuwa tupu. Hatua ya sita vilevile. Nikabaki nimelishika lile haragwe vidoleni, nalitazama.

Shimo la 15 ukiongeza moja unapata 16. Kumi na sita kwa kumi na sita, baki sifuri. Kete zote zilizopaswa kuingia shimo la 16 zilikuwa zinaingia shimo la sifuri, lile nililoliacha likae bure, ambalo sikulichora. Zilikuwemo humo muda wote! Shimo langu la jini lilikuwa linakusanya kete kama mganga anavyokusanya kuku.

Nikakubali kuhesabu kuanzia sifuri. Pia niliongeza mstari mmoja ambao ningemshauri yeyote auandike siku ya kwanza, kabla hata ya rangi: kila baada ya hatua, jumlisha kete zote ubaoni, na zisipokuwa 64 gemu isimame papo hapo na kupiga kelele.

Nikampelekea mzee wa mwembeni. Ni sajini mstaafu, na mpaka leo namwita afande. Alicheza hatua mbili akanirudishia laptopu. "Kijana, nani alikufundisha kuiba?" Nilikuwa nimefanya kete zilizoliwa zianze kutembea kutoka pale zilipoliwa. Zinatakiwa zianzie kwenye shimo ulilochota mwanzoni mwa mzunguko ule uliokula. Miaka yote nimetazama mchezo huu, sikuwa nimeona.

Nikarekebisha. Halafu nikaiacha kompyuta ijichezee yenyewe usiku kucha, michezo maelfu, nione kama kete zinabaki 64. Asubuhi imeganda. Nikaanza tena usiku, ikaganda tena. Wiki nzima nikaandika upya sehemu ya kutembeza kete mara tatu, nimeshanuna, simsemeshi mtu. Mwishowe nikaifanya iandike kila hatua kwenye faili, nikapanga maharagwe kwenye trei kama yalivyokuwa ilipoganda, nikapanda boda na trei mapajani hadi mwembeni. Afande akachota shimo, akaanza kutembeza. Akatembeza. Na wenzake wakasogea. Akatembeza mpaka chai ikapoa, kisha akacheka na kuimwaga trei nzima.

"Hiyo haina mwisho. Ziko hivyo. Mtu akiipata tunamwambia aache, achague nyingine."

Wiki nzima! Msimbo wangu ulikuwa sahihi, mchezo wenyewe ndio una mizunguko isiyokoma. Sasa gemu inahesabu, na kete zikidondoshwa zaidi ya elfu mbili kwa zamu moja inaifuta hatua hiyo na kukuambia uchague nyingine, kwa maneno ya afande mwenyewe.

Kuifanya kompyuta icheze na mtu hakukuwa kugumu: inajaribu kila hatua kwenye nakala ya ubao, inachagua inayoacha kete nyingi upande wake. Angalia tu iwe nakala kweli. Mwanzoni sikuinakili orodha, nikaipa jina la pili tu, kwa hiyo kompyuta ilipokuwa "inafikiri" ilikuwa inasogeza kete halisi. Afande akaiita mwizi mara ya pili.

Kuitoa iende kwenye Android kunataka Java na vifaa vya Android, GB za kutosha, kwa hiyo nenda penye Wi-Fi ya mtu mwingine. Google Play bado. Ada ni dola 25 mara moja, hizo ningezipata, ila akaunti mpya ya mtu binafsi inadai wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Wazee wa mwembeni wako saba, na wawili wana simu za tochi.

Afande amebaki na lalamiko moja, kwamba kete zangu hazina sauti. Nikaazima ubao wake halisi, nikajifunika blanketi saa nane za usiku na simu, nikarekodi kete zikidondoka kwenye mti. Kwenye kete ya tatu mbwa wa jirani alibweka. Sikuwa na nguvu ya kurudia. Ukicheza ukaweka sauti juu utamsikia, na afande anasema huyo ndiye sehemu nzuri kuliko zote.