Machi 2020: Kila Mtu Alikuwa Anajua

Kilichonichosha zaidi mwanzoni mwa mwaka 2020 hakikuwa ugonjwa, ambao wakati ule ulikuwa bado haujabisha hodi kwangu, bali uhakika wa watu. Kila niliyezungumza naye alikuwa anajua. Huyu alijua kwamba korona ni mafua ya kawaida yaliyotiwa chumvi na vyombo vya habari, yule alijua kwamba serikali zote za dunia zinaficha idadi ya maiti, na mwingine alijua dawa na alikuwa tayari kuniapia. Katika shajara yangu ya siku zile naona nimeandika kuhusu mabishano mara nyingi zaidi kuliko nilivyoandika kuhusu maradhi. Leo, baada ya kuyapitia maandishi yale kwa utulivu, ninataka kuyatafakari mabishano yenyewe: yalihusu nini hasa, na kwa nini yalikuwa makali kiasi kile wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa na taarifa za kutosha za kubishania.

Si kweli kwamba hatukuambiwa chochote. Taarifa za homa ya mapafu isiyojulikana chanzo zilitoka Wuhan, nchini China, tarehe 31 Desemba 2019. Tarehe 11 Januari wanasayansi walikuwa wameshachapisha mpangilio wa vinasaba vya kirusi kipya, tarehe 23 jiji hilo la watu wapatao milioni 11 likafungwa, na tarehe 30 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura ya kimataifa. Kwa kasi ya mambo ya kitaalamu, huo ni mwendo wa haraka sana. Lakini katika kumbukumbu za watu tarehe hizo zote zilifunikwa na jina moja, la daktari wa macho Li Wenliang, ambaye tarehe 30 Desemba aliwaonya madaktari wenzake kuhusu ugonjwa ule, akaitwa na polisi, akatakiwa kutia saini karatasi ya karipio kwamba anaeneza maneno ya uongo, kisha akafariki dunia tarehe 7 Februari kwa ugonjwa huo huo aliouonya.

Ninaamini kifo kile kilibadilisha hali ya mazungumzo duniani kote kuliko tangazo lolote. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na safari hii kifo kilimuumbua mbele ya dunia nzima. Tangu siku ile, kila aliyeambiwa kwamba anasema uongo alikuwa na jibu mkononi: hata daktari yule waliambiwa watu kwamba ni mwongo. Hoja hiyo ina kasoro iliyo wazi, kwani kwa kila mmoja aliyenyamazishwa akiwa na ukweli wapo mamia waliokanushwa wakiwa na upuuzi mtupu, lakini ni vigumu mno kuipangua kwa mtu mwenye hofu. Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alipoonya katikati ya Februari kwamba dunia inapambana pia na mlipuko wa taarifa potofu, alikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo wengi waliomsikia walikuwa tayari wanajiuliza nani atakayeamua ipi ni potofu.

Kisha ikaja asilimia 3.4. Tarehe 3 Machi, Tedros huyo huyo alisema kwamba duniani kote takriban asilimia 3.4 ya wagonjwa walioripotiwa walikuwa wamefariki dunia. Kesho yake Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, alisema katika mahojiano ya televisheni kwamba anaiona namba hiyo kuwa ya uongo, na kwamba hayo ni makisio yake tu. Nilisoma mabishano juu ya namba hii hadi macho yakauma, na jambo la ajabu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na kipande cha ukweli. Namba ile ilikuwa sahihi kwa kile ilichokipima, yaani vifo vilivyogawanywa kwa wagonjwa waliojulikana. Lakini mwanzoni mwa mlipuko wanaojulikana ni wale walioumwa kiasi cha kufika hospitali na kupimwa, ilhali walioumwa kidogo au wasioumwa kabisa hawahesabiwi, na kwa hiyo uwiano unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Wakati huo huo baadhi ya waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa bado wodini na wangekufa wiki zinazofuata, jambo linaloupunguza uwiano isivyostahili. Kwa maneno mengine, makosa mawili yalikuwa yanavutana kuelekea pande tofauti, na hakuna aliyeweza kusema lipi lina nguvu zaidi bila kupima watu wengi wasio na dalili.

Mahali pamoja palipowahi kupimwa hivyo ni ndani ya meli ya Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama nchini Japani mwezi Februari ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 walikutwa na virusi, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Kundi la “mafua tu” lilishangilia: nusu hawaumwi! Kundi la pili liliingiwa na baridi kwa sababu ile ile: nusu hawaumwi, na kwa hiyo hatuwezi kuwajua. Sijaona mfano bora zaidi wa taarifa moja kulisha hoja mbili zinazopingana, na sidhani kwamba upande wowote ulikuwa wa wajinga.

Siku zile shangazi yangu alikuwa akinipigia simu karibu kila jioni, na swali lake halikubadilika: “Mwanangu, wewe unayesoma hayo mambo, mimi na presha yangu hii, nikiupata nitapona?” Nilijaribu kumweleza asilimia. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, “Sawa, lakini mimi si asilimia.” Nadhani hapo ndipo mabishano mengi yalipokwama. Wataalamu walikuwa wanajibu swali la idadi ya watu, nasi tulikuwa tunauliza swali la mtu mmoja tunayemjua kwa jina. Hatari ya kifo kwa ugonjwa huu ilitofautiana mno kwa umri, kiasi kwamba wastani mmoja kwa mtoto na kwa mzee wa miaka 80 haukuwa na maana kwa yeyote kati yao. Mtu aliyepewa wastani aliuona kuwa unamtisha bure au unamdharau mzazi wake.

Wapo waliobishana vizuri, na ninawataja kwa sababu husahauliwa. Tarehe 17 Machi mtaalamu wa takwimu za tiba John Ioannidis, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kwamba dunia inachukua maamuzi mazito kwa kutegemea data duni mno, na akatoa hesabu ya mfano: kama asilimia 1 ya Wamarekani wataambukizwa, na asilimia 0.3 ya hao wakafa, vifo vitakuwa kama 10,000. Kesho yake Marc Lipsitch wa Harvard alimjibu kwamba data ni chache kweli, ila zilizopo zinatosha kuchukua hatua, kwa kuwa anayesubiri uhakika katika ugonjwa unaoongezeka kwa kuzidishana amekwisha kuchagua. Wiki tatu hazikutimia kabla Marekani haijavuka vifo 10,000. Haikuwa haki, hata hivyo, kumcheka Ioannidis kana kwamba alitabiri. Mfano si utabiri. Kosa hilo hilo lilifanywa dhidi ya upande wa pili. Kikundi cha Neil Ferguson katika Imperial College London kilipotoa ripoti tarehe 16 Machi yenye vifo 510,000 kwa Uingereza na milioni 2.2 kwa Marekani, hesabu hiyo ilikuwa ya nchi ambayo haitafanya chochote kabisa. Baadaye watu waliojifungia ndani kwa miezi waliichukua namba ile na kuuliza kwa kejeli: mbona hatukufa?

Swali hilo lilikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 2009 WHO ilitangaza janga la homa ya H1N1, yaani mafua ya nguruwe, na vifo vilivyothibitishwa maabara vikaishia kama 18,500, shirika hilo likashutumiwa kwa kutishia watu bure. Makadirio yaliyotolewa miaka michache baadaye yalitaja kati ya vifo 151,700 na 575,400, lakini hayo yalifika wakati hakuna anayesikiliza. Upande wa pili ulikumbushana Philadelphia ya 1918, ambako mkurugenzi wa afya ya jiji, Wilmer Krusen, aliruhusu gwaride la tarehe 28 Septemba lililokusanya watu wapatao 200,000 wakati homa ya mafua ilikwisha kuingia jijini, na katika siku chache hospitali zikajaa. Aliyekuwa na 2009 kichwani aliona unafiki, na aliyekuwa na 1918 kichwani aliona uzembe.

Lakini kama nikiulizwa ni wapi hasa imani ilivunjika, sitataja namba hata moja. Nitataja barakoa.

Tarehe 29 Februari, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Jerome Adams, aliwataka watu waache kununua barakoa, akisema hazifai kuwakinga wananchi wa kawaida, na papo hapo akaongeza kwamba wahudumu wa afya wakizikosa, wao na jamii zao watakuwa hatarini. Hata mtoto wa shule angeuliza: kitu kisichomkinga mwananchi kinamkingaje muuguzi aliyesimama karibu na mgonjwa? Ukweli uliokuwa nyuma ya maneno yale ulikuwa wa heshima kabisa na ungeweza kusemwa kwa sentensi mbili, kwamba barakoa ni chache na wenye kuzihitaji zaidi ni wanaokaa na wagonjwa kutwa nzima, na kwamba kuhusu manufaa yake mitaani ushahidi bado haujakamilika. Watu wangelielewa hilo, wengi wangejitolea. Badala yake uhaba ulivishwa joho la sayansi. Ilipofika tarehe 3 Aprili mamlaka za Marekani zilipendekeza vifuniko vya uso vya kitambaa, na tarehe 5 Juni WHO nayo ikabadilisha mwongozo wake, tayari wapo waliokuwa wameapa kutoamini tena. Wataalamu walijitetea kwamba sayansi hubadilika kila ushahidi unapoongezeka. Ni kweli, lakini anayebadilika kwa heshima ni yule aliyesema tangu mwanzo kwamba huenda akabadilika. Mimi sikuwahi kukutana na mtu aliyekasirishwa na mtaalamu kwa kukiri kwamba bado hajui. Waliokasirika, na nimewasikia kwa masikio yangu, walikasirishwa na uhakika wa Februari uliopinduliwa na uhakika wa Aprili pasipo neno la maelezo katikati.

Kuhusu watu kugombea karatasi za chooni sina mengi ya kusema. Hong Kong wezi walipora roli 600 za karatasi hizo mwezi Februari, na dunia ikacheka, kisha ikaenda kupanga foleni. Wengi walioziweka akiba hawakuogopa ugonjwa kiasi cha kuogopa akiba za wenzao, na kwa hesabu ya mtu mmoja mmoja hawakuwa wapumbavu. Minara ya simu iliyochomwa moto Uingereza mwezi Aprili kwa madai kwamba mawimbi ya 5G yanaleta ugonjwa, hiyo siiwezi kuitetea.

Ninachokirudia sana moyoni ni suala la hewa. Tarehe 10 Machi, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watu 61 walifanya mazoezi ya kwaya jioni moja. 53 kati yao walihesabiwa kuwa waliugua, na wawili walifariki dunia. Wengi wao hawakukoholeana usoni. Waliimba tu katika ukumbi mmoja kwa saa mbili na nusu. Siku 18 baadaye WHO ilisambaza ujumbe mitandaoni, ukiwa na maandishi ya kusisitiza, kwamba COVID-19 haisambai kwa njia ya hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 walitia saini barua iliyoratibiwa na Lidia Morawska wa Australia, wakisihi njia hiyo itambuliwe, na ni mwishoni mwa Aprili 2021 ndipo shirika hilo lilipoieleza waziwazi katika maelezo yake kwa umma. Katika kipindi hicho chote niliona watu wakiosha mifuko ya sokoni na kufuta vitasa vya milango kwa bidii ya kupigiwa mfano, huku wamekaa kumi katika chumba kimoja kilichofungwa madirisha, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoelekezwa na watu waliosema wana hakika. Shangazi, ambaye hakuwahi kusoma barua ya Morawska, alikuwa amefungua madirisha yake tangu Machi. Nilipomuuliza nani aliyemshauri, alisema hakuna. Ila mimi mwenyewe nilimwambia kwamba bado hatujui unavyosambaa, basi akaona ni heri afanye yote.