Nilivyoshinda rufaa ya kesi ya bangi, polisi walijikaanga wenyewe

Kwanza nimseme yule mzee wa gerezani aliyejifanya wakili. Aliniambia mwanangu, rufaa ni machozi, andika una watoto wadogo na mama mgonjwa. Mimi nikajaza kurasa tisa, hadi bibi yangu aliyekufa zamani nikamfufua humo awe ananitegemea, afande wa zamu kuzisoma akacheka mpaka akakaa chini. Bahati nzuri hazikufika kokote, maana ukiomba huruma tu labda utapunguziwa kifungo ila kosa linabaki palepale, na mimi ule mzigo niliuona mara ya kwanza mahakamani!

Kilichoniokoa ni nakala ya mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani. Notisi ya rufaa ilishaingia ndani ya muda, nakala ilipokuja nikachora mstari katikati ya karatasi, huku maneno ya askari wa kwanza huku ya wa pili. Wa kwanza kasema kete alizitoa mfukoni mwangu, wa pili kasema zilikuwa kwenye begi. Mmoja bahasha nyeupe, mwenzake ya kaki. Halafu nikaiona hati ya kukamata mali, aisee nilipiga kelele selo nzima ikaamka: imeandikwa saa mbili usiku, na wote wawili walikula kiapo kwamba walinikamata saa nne. Yaani walinikuta na bangi masaa mawili kabla hawajanikuta, manabii hao.

Nikapeleka hoja kumi na saba kwa wakili (ndugu walichangishana, sijui hata ilifika ngapi), akabakiza nne. Nilinuna. Akasema vitu kama rangi ya shati langu ni mkinzano mdogo, jaji anaurukaga, tupige kwenye kielelezo, yaani ile bangi yenyewe: nani alikishika, alimkabidhi nani, wapi alisaini. Na kweli, toka kituoni mpaka maabara siku nne hakuna karatasi, uzito nao ukabadilika njiani, na upekuzi haukuwa na shahidi hata mmoja asiye polisi.

Siku ya rufaa nimejiandaa kuhutubia, wakili wa serikali akasimama akasema haungi mkono hukumu. Basi, hotuba yangu ikaishia kooni, jaji akafuta hatia na kifungo.

Zile kurasa tisa ninazo bado. Mke wangu huwasomea wageni, akifika kwa bibi anabadilisha na sauti.