Usiku tuliobishana juu ya Kezilahabi

Habari za kifo cha mshairi na mwandishi wa riwaya Euphrase Kezilahabi zilinifikia Januari 2020 nikiwa chumba cha walimu hapa Moshi, nasahihisha madaftari. Simu ikaanza kutetema: amefariki tarehe 9, akiwa na umri wa miaka 75. Rambirambi zikafuatana kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa Kiswahili, nami nikaandika yangu, lakini moyo haukutulia. Nilitaka kumzungumzia na mtu. Jioni nikabeba diwani zake mbili za mashairi, Kichomi na Dhifa, nikashuka Njoro kwa mzee mmoja ambaye hatujawahi kuafikiana juu ya mshairi huyu.

Mzee ni mtu wa Pangani. Kazi ya reli ndiyo iliyomleta Moshi. Akaoa, akajenga, treni za abiria zikasimama, yeye akabaki. Mwezi mmoja tu kabla ya jioni ile treni ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza tena kufika, kwa hiyo kila mgeni wake alianza kwa kusikiliza habari za treni. Nami nilizisikiliza. Kisha nikamweleza kilichonileta.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Akanyamaza kidogo. "Alikuwa mwandishi hodari, Mwalimu. Lakini ushairi alituharibia."

Yeye ni malenga. Shairi kwake ni ubeti wa mishororo minne, mizani (yaani silabi) 16 kila mshororo, nane katika ukwapi, nusu ya kwanza, na nane katika utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho, yaani silabi zinazofanana, na kituo, mshororo wa kufunga ubeti, kinachokaa vizuri mdomoni. Kichomi kilipotoka mwaka 1974, kikiwa na mashairi yasiyo na vina wala mizani, watu kama yeye waliona wametukanwa. Mabishano hayo yamedumu miaka na miaka, magazetini na madarasani, na wengine waliyafanya kama vita ya kulinda dini.

Jambo moja sikuwahi kumwambia, nikamwambia usiku ule. Kezilahabi hakuwa mtu aliyeshindwa kuhesabu mizani. Tasnifu yake ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliiandika juu ya Shaaban Robert, mtu wa Tanga, ambaye mzee wangu anamheshimu kuliko mwandishi yeyote. Aliishi ndani ya mapokeo, akayajua vyumba vyake vyote, na bado akatoka. Baadaye akaenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akapata shahada ya uzamivu kwa kazi iliyohusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kuifasiri fasihi. Alikuwa mwanafalsafa kabisa, wa kusomea, na mimi naamini huwezi kuyaelewa mashairi yake ukiliweka hilo pembeni.

"Falsafa na vina vinagombana wapi?" mzee akauliza.

Swali zuri. Nikamwomba tujaribu. Nikampa wazo ambalo naliona limetanda katika kazi za Kezilahabi: kwamba mtu hazaliwi na lugha yake, huikuta nyumbani imeshatengenezwa na wengine, kisha anafikiri kwa hiyo hiyo. Je, anayefikiri ni yeye au ni hao waliomtangulia? Mzee akafumba macho, vidole vikihesabu kwenye goti. Hakuchukua hata dakika tano:

Lugha niliyoikuta, nyumbani mwetu ni mali,
Mawazo nikiyaita, hayaji bila kibali.

Nilisisimka. Ni mishororo mizuri, hadi leo naikumbuka. Lakini nikamuuliza: hilo neno kibali limetoka wapi? Mimi sikulitaja. Akakiri papo hapo kwamba kina cha "li" ndicho kilichomletea. Alikuwa na "mali" mkononi, akatafuta mwenzake.

"Hapo ndipo Kezilahabi aliposimama," nikamwambia. "Alitaka ajue nani anachagua neno."

Mzee akainuka kwenye kiti. "Na kama kina nacho kinafikiri? Kibali ni neno la kweli kuliko maneno yote uliyonipa wewe. Kina kimeniona, kikanipa."

Sikuwa na jibu la haraka, na sioni aibu kusema hivyo, maana hiyo ni hoja ya kifalsafa iliyotoka kwa mtu ambaye angekataa kuitwa mwanafalsafa. Nilichofanya ni kufungua Dhifa na kumsomea, taratibu, nikisimama pale mstari unaposimama. Alizoea shairi la kuimbwa. Hili halikumpa sauti ya kushikilia, ikabidi ashikilie maana. Akanirudisha mara kwa mara: soma tena hapo. Nikamsimulia pia Nagona, kitabu chembamba cha mwaka 1990, riwaya ambayo ndani yake msafiri anaitafuta kweli na hata wanafikra wa Ulaya, kina Plato na Marx, wanaingia kwenye hadithi. Mzee akashangaa kwamba mtoto wa Namagondo, Ukerewe, aliwaita watu hao wote waje kuzungumza Kiswahili.

Hilo ndilo linalonifanya nimpende Kezilahabi kupita washairi wengine. Wapo waliotupa mawaidha, na mawaidha yana kazi yake. Yeye aliamini kwamba maswali makubwa kabisa, ya kuwepo na kutokuwepo, ya kweli na ya kifo, yanaweza kuulizwa na kuhangaikiwa kwa Kiswahili cha watu wanaoongea barabarani, bila kuomba maneno ya kuazima na bila kumbembeleza msomaji. Nilimsoma mara ya kwanza nikiwa kijana wa sekondari na nikajisikia nimeheshimiwa.

Tulibishana hadi mke wa mzee akatoka kutuuliza kama tunakula au tunakesha. Tukala wali na maharage huku bado tunavutana.

"Basi niambie, Mwalimu," mzee akasema wakati nanawa. "Yeye kibali alipewa na nani?"

"Hakuomba, mzee."

Akacheka sana, akasema ndicho hasa kilichowaudhi. Nilimwachia Dhifa. Kichomi nilirudi nacho, kwa sababu asubuhi nilikuwa na kipindi cha kidato cha tano na nilitaka wamsikie.