Maharage, vikombe na dopamini: somo la dawa za kulevya ambalo mwanafunzi hawezi kulibishia

Somo la dawa za kulevya shuleni mara nyingi ni bango lenye fuvu la kichwa na onyo la kwenda jela. Mwanafunzi wa miaka 15 anaitikia "ndiyo mwalimu", kisha anarudi mtaani anamkuta kaka wa jirani, anayevuta bangi mwaka wa tano huu, bado anapiga mpira kila jioni. Hapo mwalimu keshapoteza. Marekani walilijaribu somo la "kataa" kwa ukubwa kupitia programu ya DARE, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1983, na tathmini moja baada ya nyingine zikaonyesha kwamba waliofundishwa hawakutofautiana sana na wasiofundishwa. Ushauri wangu ni kuwaonyesha kinachotokea kati ya seli na seli, kisha uwaache wabishane wenyewe.

Tafuta vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Vifaa: vikombe 8 vya plastiki vyenye namba, maharage kiganja kimoja, bakuli, kengele, chaki na kanga. Chora mistari miwili sakafuni, iachane hatua moja. Huo ndio mwanya kati ya seli mbili za neva. Upande mmoja anakaa mtumaji na bakuli la maharage, ambayo ndiyo dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo. Upande wa pili wanafunzi wanne, kila mmoja ameshika vikombe viwili. Hivyo ni vipokezi, yaani sehemu za seli zinazoipokea dopamini. Katikati anasimama msafishaji: kazi yake ni kutoa maharage vikombeni na kuyarudisha kwenye bakuli.

Kengele ya kwanza ikilia (chakula kitamu, goli, sifa ya mwalimu), mtumaji anatia harage moja moja kwenye namba 1, 3, 5 na 7. Msafishaji anayakusanya. Kengele ya pili, namba 2, 4, 6 na 8, anayakusanya tena. Mmoja aandike ubaoni idadi kubwa ya vikombe vilivyojaa kwa wakati mmoja: 4. Hiyo ni siku ya kawaida.

Sasa mfunge msafishaji mikono kwa kanga. Hiyo ndiyo kokeini. Baada ya kengele mbili vikombe vyote 8 vimejaa, na hakuna anayevimwaga. Kwa mirungi (miraa) mfungue, lakini mwambie afanye kazi kinyume: achote bakulini atie vikombeni, kengele isipolia. Kathinoni iliyo kwenye jani bichi ndiyo inayofanya hivyo, na huharibika ndani ya siku mbili hivi baada ya kukatwa. Ndiyo maana miraa ya Meru hufungwa kwenye majani ya mgomba na magari yake hayana subira barabarani. Heroini inahitaji mtu wa ziada: mlinzi anayemshika mtumaji mkono na kumwachia kengele inapolia tu. Heroini humlaza mlinzi usingizi.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito, usiiharakishe. Ubongo ukimiminiwa hivyo kila siku hujikinga kwa kupunguza vipokezi. Ondoa vikombe namba 1 hadi 5. Piga kengele ya kwanza bila dawa: harage linaingia kikombe kimoja tu, namba 7, mengine yanadondoka chini. Mfunge tena msafishaji, piga kengele zote mbili: vikombe 3. Waulize darasa wanaona nini ubaoni. Wataona wenyewe kwamba mraibu akiwa na dawa anapata 3, pungufu ya zile 4 alizokuwa akipata bure kabla hajaanza. Stimu ya mwanzo hairudi, na akikosa dawa hata goli la timu yake halimfurahishi. Arosto ya unga (heroini) mtu akiikosa, yaani jasho, kuhara, maumivu ya mwili na kukosa usingizi, ina chanzo cha ziada: mifumo mingine iliyozoea kukandamizwa inafyatuka kwa pamoja.

Hapa wengi hutoka wakidhani dopamini ni raha. Sahihisha mapema: kazi yake kubwa ni kumfanya mtu atake na akumbuke njia ya kukipata tena alichokitaka. Ndiyo maana mtu anaweza kusema dawa haimpi raha tena na bado akaifuata.

Bangi usiilazimishe kwenye vikombe hivi. THC, kemikali ya bangi inayolevya, ina vipokezi vyake, vingi vikiwa sehemu za kumbukumbu na mwendo, vichache sana kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi. Kwa hiyo bangi haizimi pumzi kama heroini. Liseme hilo wazi, kisha sema na lingine: inavuruga kumbukumbu na umakini, na kwa anayeanza mapema, hasa mwenye ndugu aliyewahi kuugua akili, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, ya kupima na kujizuia, hukomaa hadi miaka 25 hivi. Ukidanganya kuhusu bangi, hawatakuamini ukifika kwenye unga.

Na kwenye unga kuna jambo la kuokoa maisha. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia, iwe jela au sober house (nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha), uzoefu wa mwili hushuka; kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Anayekoroma kwa shida, midomo ikawa ya bluu, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, ambako dawa ya naloksoni huing'oa heroini kwenye vipokezi. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini inayotolewa hospitali ya Muhimbili tangu 2011, hukalia vipokezi hivyo hivyo kwa takriban siku nzima, kwa hiyo kipimo kimoja kwa siku kinatosha.

Usitaje bei, vijiwe wala namna ya kuchanganya. Na mraibu aliyepona usimwite peke yake bila somo hili: wanafunzi wanamwona mzima, amevaa vizuri, wanaamua kwamba kumbe mtu anaweza kwenda na kurudi.

Maswali yakusanywe kwa vikaratasi visivyo na majina. Moja halikosi: vikombe vinarudi? Jibu la kweli ni kwamba vingi huweza kurudi, taratibu. Picha za ubongo za walioacha methamfetamini, dawa ya kulevya inayowapunguza hata wasafishaji, kwa mwaka na zaidi zilionyesha wasafishaji wengi wamerudi, ingawa kwenye majaribio ya kumbukumbu na mwendo hawakuwa wamepona kwa kiwango hicho.